Kitasa cha Mukarugwiza

Kamikazi hakuwa na ugomvi na mwanamume yeyote, ila akishika mashine yake tu. Hapo alikuwa mkali, nisikufiche. Mwaka wa kumi na moja huu anafunga vitasa vya milango Gisenyi nzima, kuanzia nyumba za wageni za ufukweni hadi vyumba vya kupanga karibu na mpaka wa Petite Barrière, na hajawahi kumaliza mlango mmoja bila bwana fulani kumsogelea na kumwambia, "Leta nikusaidie." Misaada hiyo imemmalizia meshi, vile vyuma vya kutobolea. Mashine yake si kekee ya kawaida, huzunguka huku ikigonga, kwa hiyo hutaka meshi ngumu yenye mkia wa pembe sita, na mkono mwepesi. Ukiikandamiza mashine kwa kifua, meshi inakatika, halafu bwana anakutazama kana kwamba kosa ni lako.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, kijiji kizima cha Rugerero kilitoka kumalizia nyumba ya Mukarugwiza, bibi mjane ambaye nyumba yake ya zamani ilibebwa na mvua. Miezi miwili alikuwa akilala katika hiyo mpya isiyokwisha, penye uwazi wa mlango kukiwa na bati tu limeegemezwa. Wezi walikuja mara ya kwanza wakachukua kuku. Mara ya pili walichukua blanketi, naye amejifunika. Tangu hapo alikuwa akikaa macho mpaka asubuhi, ameshika fimbo. Watu walimwambia habari za rangi na saruji, yeye akauliza jambo moja tu, mlango utafungwa na ufunguo au la.

"Usiogope, mama, Kamikazi iko na mashine," alisema Régis, mkuu wa kijiji, bila kumuuliza Kamikazi mwenyewe. Alikuwa pia amemwalika ofisa mmoja aje saa tano kuifungua nyumba kwa hotuba.

Basi Kamikazi akaja, na kazi ikaanza vibaya kama alivyojua itaanza. Alipoinama kupima bawaba, Onésphore, muuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, mwenye mikono isiyotulia, akainyakua mashine.

"We pumzika kidogo, dada. Mi niliona kwa simu vile banafanya."

"Onésphore, usisukume! Acha ikate yenyewe!"

Akasukuma. Meshi ikakatika. Akaweka nyingine, akasukuma zaidi, nayo ikakatika.

"Hii meshi yako ni mubaya," akasema, wala hakuona haya.

Régis akasema apishwe mtu mwenye nguvu, yaani yeye, na meshi ya tatu ikaenda njia ileile. Kamikazi, meshi zikiwa zimekwisha, akazipiga nyundo skrubu za bawaba zilizobaki kama misumari, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu aanze kazi. Alitaka kulia kwa hasira.

Kilichobaki ni kile kikombe cha chuma chenye meno, kinachotoboa tundu kubwa la kitasa. Alikuwa nacho kimoja. Mlango ulikuwa wa mbao ya mti wa libuyu, umepatikana kwa michango, na mwingine haukuwepo. Meno yakivunjika au ubao ukipasuka, bibi angerudi kwenye bati lake usiku huohuo. Onésphore alikwisha kunyoosha mkono.

"Bon, munisikilize!" Sauti ilimtoka mpaka mbuzi wa jirani wakatimka. "Mutu akigusa hii mashine, mi naenda kwangu, na hii mlango mutaitoboa na meno yenu. Murudi nyuma. Wote! Na we, Régis!"

Wakarudi. Akabonyeza kidogo, akaachia, akakitoa kikombe kipoe, akabonyeza tena. Huko nyuma walikuwa wanapiga kelele, "Sukuma! Sukuma, dada!" Akauma meno. Alipofika nusu ya ubao aliacha, akazunguka upande wa pili, akaanzia huko, ili mbao isichanike mwishoni. Kipande cha duara kikadondoka. Tundu lilikuwa safi.

Akafunga kitasa, akampa bibi ufunguo. Mukarugwiza akaujaribu kwa nje mara tatu. Akaingia, akaujaribu kwa ndani. Hakuna aliyeshughulika naye tena, kwa sababu ofisa alikuwa amefika.

Hotuba zikapigwa. Régis akaeleza jinsi "vijana wetu wenye nguvu" walivyofunga mlango, na Kamikazi akatazama pembeni asije akasema neno. Kisha wakamwita mwenye nyumba afungue. Régis akasukuma mlango, haukutikisika. Akagonga.

"Ni nani?" sauti ikauliza ndani.

"Ni sisi, mukecuru! Mugeni iko hapa, anataka kukusalimia!"

"Murudie kesho. Mi niko nalala."

Watu wakaangua kicheko, ofisa akatazama saa yake. Régis, jasho likimtoka, akamgeukia Kamikazi. "Fanya mbio, toa hii kitasa yako."

"Sitoi," Kamikazi akasema, akiweka mashine yake kwenye mfuko wa kazi. "Mlango ni yake. Atafungulia mwenye anataka."

Wakasimama pale uani, ofisa, mkuu wa kijiji na kijiji chote, wasijue la kufanya. Ndani, bibi alikuwa ameanza kukoroma.