Niliificha Sufuria ya Viwavi, Kisha Nikafundisha Habari za Kornelio

Nisemeni mnavyotaka, kosa ni langu na sina wa kumsukumia.

Mimi ni Mmeru wa Arusha, nesi, naishi huku ughaibuni, mji wa Euless. Jumapili mchana tunakutana kwangu watu wa ushirika: Watanzania, Wakenya, na siku hizi Wakongo. Kila mtu anakuja na chakula, tunasoma neno, tunakula. Mwalimu wa neno ni mimi, na nilikuwa najisikia kweli.

Siku hiyo somo lilikuwa Petro na Kornelio. Petro, Myahudi wa watu, anaonyeshwa shuka linateremka toka mbinguni limejaa kila aina ya wanyama na vitambaavyo, anaambiwa ale. Anakataa katakata. Baadaye ndipo anaelewa kwamba Mungu alikuwa anamsemesha habari za watu: mataifa yote yamekaribishwa, na yeye aende akaingie nyumbani kwa Kornelio, Mrumi. Nililiandaa somo hilo wiki nzima.

Basi kabla hatujaanza akaingia Mama Furaha, Mkongo anayekaa Haltom City, ana mwezi mmoja tu kwetu. Mkononi sufuria. Nikafunua. Viwavi! Wamepikwa na nyanya na vitunguu, na mimi nawaona wananitazama.

"Ni chakula ya kwetu," akasema. "Dada yangu alinitumia. Nilikuwa naichunga, nikule pamoja na ninyi."

Nikatabasamu, nikamwambia naenda kuipasha moto. Nikaipeleka chumba cha kufulia, nikaiweka juu ya mashine ya kukaushia nguo, nikafunga mlango. Kisha nikarudi sebuleni kufundisha neema.

Na nilifundisha vizuri, hilo nalo niseme. Watu waliitikia amina mpaka wengine wakasimama. Tulipomaliza, Mama Furaha akaenda kutafuta pa kunawa mikono, akafungua ule mlango.

Alitoka na sufuria yake. Hakugomba.

"Nilifikiri hapa tuko bote bamoja," akasema, akaondoka.

Yule mama hana ndugu hata mmoja mji huu. Sisi ndio tulikuwa watu wake, na mimi nikamfukuza bila kumwambia toka. Aibu niliyoiona, mwenzangu, usiombe.

Jumapili mbili hakuja, simu hapokei. Ya tatu nikashindwa kufundisha. Nikawaeleza wenzangu kila kitu, nikachukua gari nika-drive hadi kwake.

Alifungua. Nikaanza kuomba msamaha huku nalia, akanikatiza.

"Kaa."

Akaleta sahani ya viwavi. Nikafumba macho, nikatia mmoja mdomoni, nikatafuna. Jamani, watamu! Wanakuja kama dagaa aliyekaangwa akakaangika. Nikaomba niongezewe.

Mama Furaha akacheka mpaka akashika ubavu. "Na ile loshoro yako, mahindi na maziwa ya kuganda? Siku ya kwanza nilifikiri maziwa imeoza. Nilifunga macho vile vile. Nikakula yote, nikasema asante."

Mwezi mzima nilijua mimi ndiye ninayemkaribisha yeye.

Amerudi, na sufuria yake siku hizi inakaa katikati ya meza. Ukichelewa hupati kitu. Ila wewe unayesimama mbele za watu kuwafundisha kwamba mlango wa Mungu uko wazi kwa wote, nakuomba, kabla hujafumbua mdomo, nenda kafungue kwanza mlango wa chumba chako cha kufulia.