Wimbo wa Kifo cha Mtu Aliye Hai

Nimefanya kazi nyingi Johannesburg, lakini hakuna niliyoidharau kama ile ya kunakili nyimbo za Waingereza wa kale. Mwajiri wangu alikuwa profesa mstaafu, mwenye nyumba ya mlimani kule mtaa wa Observatory, na macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Mimi nilikuwa mwalimu wa Kiingereza wa sekondari Tanga kabla sijaja huku kumfuata mume ambaye sasa simfuati tena. Profesa alitaka mtu wa kumsomea na kumpigia chapa kwenye kompyuta. Nikaichukua kazi.

Nyimbo zenyewe zilichapwa upande mmoja wa karatasi, karne kadhaa zilizopita, zikauzwa mabarabarani London na kwenye magulio ya vijijini. Muuzaji aliziimba huku akizitembeza. Watu walinunua, wakaenda kuzibandika kwenye kuta za vilabu vya pombe. Ziliimba mauaji, watoto waliozaliwa na vichwa viwili, wake waliowatilia waume zao sumu, wezi wakitubu mbele ya kitanzi. Kwa lugha yetu sisi, ni magazeti ya udaku. Profesa aliziita sauti ya umma, na alipolitamka neno umma alifumba macho.

Juu ya maneno palikuwa na picha zilizochongwa kwenye ubao, zikapakwa wino na kugandamizwa. Mwanzoni nilizitazama kwa heshima, maana kuchonga uso wa mtu kwenye mti si kazi ndogo. Heshima ikaniisha ndani ya wiki. Kulikuwa na bwana mmoja mwenye kofia pana ya manyoya, kola kama sahani, mkono mmoja kiunoni. Katika wimbo mmoja alikuwa mfalme. Katika mwingine alikuwa mlevi aliyefumaniwa. Katika wa tatu alikuwa mfanyabiashara aliyeuawa na mpwa wake. Ni ubao uleule mmoja. Mchapaji hakutaka kulipia mwingine. Na kadiri ubao ulivyozeeka ndivyo wadudu walivyoutoboa, hata bwana yule akaanza kutokea na vidoa vyeupe usoni kama mwenye ndui.

"Hukuona tabu watu kudanganywa hivi?" nilimwuliza Profesa siku moja, nikasahau kwamba yeye hakuwapo enzi hizo.

"Hawakudanganywa," alijibu. "Walijua. Picha haikuwa ya mtu fulani. Ilikuwa ya mtu."

Alipenda kusema vitu vya namna hiyo. Nyimbo alizozipenda kuliko zote ni zile za maneno ya mwisho ya watu waliohukumiwa kunyongwa. Zilichapwa kabla hawajanyongwa, ziwe tayari kuuzwa siku yenyewe penye umati. Nikafikiria masikini aliyesamehewa dakika ya mwisho, akarudi kwake, njiani akakuta watu wanaimba anavyoaga dunia. Nilipomwambia Profesa, alicheka sana, akasema ni wazo zuri.

Kila Jumapili waumini wenye kanzu nyeupe hupita mtaa ule wakipanda kilimani kusali, wanapiga ngoma na kuimba. Profesa, mpenzi wa nyimbo za barabarani, aliwapigia simu walinzi wa mtaa mara kwa mara kuwashtaki kwa kelele. Sikumwambia kitu. Nilikuwa nataka mshahara wangu, na dharau haihitaji kusemwa ili iwepo.

Kisha madereva wa teksi, daladala za huku, wakagoma. Profesa akasema mkewe atanirudisha nyumbani kwa gari, na yeye mwenyewe atafuatana nasi kupunga upepo. Nilikuwa napanga chumba La Rochelle, mtaa wa kusini mwa jiji, kwenye ua wenye vyumba vingi, mlango kwa mlango na familia moja ya Warundi. Mume alikuwa na spaza, kiduka cha mtaani, kule Soweto. Nasema alikuwa nayo, kwa sababu majuma machache kabla ya hapo umati uliokuwa ukiwafukuza wageni uliivunja, ukabeba hadi friji, kisha ukaichoma. Yeye alirudi na mkono uliovunjika na nyusi zilizoungua.

Tulipofika alikuwa amekaa nje, mkono umefungwa plasta. Profesa akamsalimia na kumwuliza kilichompata. Lazima niseme ukweli, yule mzee alijua kusikiliza. Alikaa juu ya kreti ya soda, akatulia, hakumkatiza. Jirani yangu alimweleza kwa Kiingereza chake cha dukani, nami nikasaidia pale kilipomkwama. Alieleza walivyokuja mchana wakiimba. Alivyopita juu ya bati akaangukia ua wa pili. Gogo mmoja, ndivyo Wazulu wanavyomwita bibi, anayekaa hapo peke yake, akamsukuma ndani ya kabati la nguo na kulifunga. Vijana walipoingia kumtafuta, gogo alikaa kitandani mbele ya kabati na kuwaambia, "Amekimbilia relini, mmechelewa." Kisha akawagombeza kwa kumkanyagia sakafu aliyotoka kuipiga deki, wakatoka wakiomba radhi.

Kufika hapo jirani yangu alicheka mpaka akaushika mkono wake kwa maumivu. Profesa hakucheka. Alikuwa anatazama mbali, midomo inachezacheza.

Muda ukapita. Asubuhi moja ya Jumamosi mke wa jirani yangu alikuja kunigongea, mkononi ana mwiko uliojaa isombe, kisamvu chao.

"Dada, mume wangu amekufa wapi tena?"

"Si yumo ndani? Nimemsikia anakohoa."

"Yumo. Lakini Bujumbura wanalia. Shangazi yake kaita watu wa kanisa."

Alinipa simu yake. Ilikuwa picha ya karatasi, imesambazwa kwenye makundi ya Warundi. Maandishi mazito ya kizamani, wino mweusi, na juu yake, mkono kiunoni, amesimama yule bwana wa kofia ya manyoya, na vidoa vyake vya wadudu. Chini yake ulikuwa wimbo wa Kiingereza, ambao sikuwahi kuuona, juu ya Mrundi mwenye duka Soweto. Mtaa ulitajwa. Dhehebu la kanisa lake lilitajwa. Katika ubeti wa mwisho alikuwa anaungua ndani ya duka huku akiwasamehe waliomchoma na kuwaombea. Gogo hakuwemo. Mwishoni palikuwa na tangazo: wimbo mpya ungeimbwa Jumapili nyumbani kwa Profesa, wote mnakaribishwa.

Jirani yangu alitoka na shati la kulalia, akausoma wote polepole, kidole kikifuata mstari.

"Nimewasamehe?" aliuliza.

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Mimi? Friji yangu?" Akanirudishia simu. "Bon. Dada, kesho utanipeleka."

Alivaa suti yake ya kanisani, mkono mmoja wa koti umening'inia juu ya plasta. Tulipofika Observatory sebule ilikuwa imejaa watu wa rika la Profesa, glasi za mvinyo mikononi. Karatasi zile zilining'inizwa kwenye kamba kama nguo za mtoto. Profesa alikuwa katikati ya kuimba. Sauti yake haikuwa mbaya. Alipofika kwenye moto aliishusha, mama mmoja mwenye shanga za mbao akatoa leso na kujifuta.

Makofi yalipokwisha, jirani yangu alisogea mpaka kwenye kamba na kuiwekea picha kidole.

"Huyu nani?"

Profesa alisogea karibu, macho yake yakachukua muda. Akamtambua, akafurahi. Alifurahi kwelikweli, na hilo ndilo sijalisahau. "Rafiki yangu! Huyu ni wewe, kwa namna fulani."

"Mimi sikufa."

Watu walicheka kidogo, kwa adabu, wakidhani ni sehemu ya onyesho. Mama wa shanga hakucheka. Alimtazama kuanzia viatu hadi plasta kama mtu aliyeuziwa maziwa yaliyochacha. Alikuwa amekwisha kulia, sasa machozi ayarudishe wapi?

"Ndivyo nyimbo hizi zilivyo," Profesa alieleza. "Zinataka kifo. Tangu zamani."

"Na gogo? Umemweka wapi?"

"Gogo angeuharibu. Tungekuwa na kichekesho. Mtu ndani ya kabati!" Akawageukia wageni, na wageni wakatabasamu.

"Shangazi yangu Bujumbura amelia siku nzima," alisema jirani yangu. "Ondoa hii."

"Imekwisha kuchapwa," alisema Profesa.

Basi jirani yangu akaniambia nitafsiri. Akasimama mbele ya kamba ile na kuanza tangu mwanzo, kwa Kiswahili, bila haraka, nami nikasema kwa Kiingereza. Alianza na siku aliyolifungua duka, na nani alikuwa mteja wa kwanza. Hatujafika kwenye bati, baadhi ya wageni walikuwa wamekwenda bustanini kwenye sambusa. Tulipofika kwenye kabati walibaki wachache, na mmoja wao alikuwa amesinzia. Mke wa Profesa peke yake ndiye aliyesikiliza mpaka sakafu ya gogo, akacheka mahali panapostahili. Kisha akatuletea chai, akatusindikiza hadi getini na kusema, "Poleni," bila kueleza ya nini.

Teksi ilisimama kwenye robot, zile taa za barabarani, jirani yangu akanigeukia. Ndipo akauliza, "Wale ni watu wakubwa?"

"Wamesoma sana," nilimjibu.

"Eish," akasema, basi.

Jumatatu nilimwandikia Profesa kwamba siji tena. Alinijibu kwa urefu. Alisema nimeshindwa kutofautisha sanaa na habari, na kwamba mwalimu wangu wa fasihi alipaswa kunielewesha hilo mapema. Nilisoma ujumbe wake nikiwa nakwangua ukoko wa wali, nikaufuta nikaendelea kukwangua. Kwa miezi kadhaa nilishona mashuka kwa Mkenya mmoja Rosettenville, kazi isiyo na mahadhi wala manyoya, na niliipenda.

Shangazi wa Bujumbura alikuwa mgumu. Alipopigiwa simu ya video alisema siku hizi watu wanatengenezwa kwa mashine. Akamtaka jirani yangu ataje jina la mbuzi aliyemvunja jino utotoni. Akalitaja. Shangazi akalia upya, kisha akamgombeza kwa kumwaibisha mbele ya kanisa.

Plasta ilipofunguliwa jirani yangu alinunua mfuko wa unga na sukari, akaniomba tumpelekee gogo. Alikuwa hajarudi Soweto tangu siku ile, na njia nzima alikaa ameinama chini ya usawa wa dirisha. Gogo alitupokea kwa chai na mikate ya kukaanga. Kabati lilikuwa palepale, mlango wake haufungi vizuri tena. Jirani yangu akamweleza kwa Kizulu juu ya wimbo, kofia, moto na msamaha. Gogo alisikiliza akitafuna polepole.

"Umekufa humo dukani?"

"Nimekufa, gogo."

"Kwa hiyo mimi niliwadanganya wale watoto bure?"

Akainuka kutafuta sukari, akinung'unika kwamba wazungu wa huko mlimani hawana kazi. Kisha akatuuliza kama tutakula naye, maana alikuwa amechemsha maharage mengi.