Ukurasa wa pili niliomficha mdogo wangu

Admin, ficha jina langu, maana wateja wangu wanasoma hapa.

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, fundi wa nguo karibu na mtaa wa Jamhuri. Niliacha shule kidato cha pili ndio mdogo wangu asome. Cherehani nilijinunulia mwenyewe, na kwa hesabu sijawahi kushindwa: nitajie kiuno, urefu na bei ya kitambaa, nitakupa jibu kabla hujatoa simu mfukoni. Mdogo wangu ana miaka 22, anasomea mambo ya hoteli chuo kimoja mjini.

Mwaka jana alikuja kibandani na wenzake watatu kupunguziwa nguo za sherehe huko Westlands, mtaa wa kifahari. Mmoja akauliza, "Huyu ni nani yako?" Mdogo wangu akajibu macho yakiwa kwa simu, "Ni fundi wetu tu." Niliwapima wote wanne. Hata bei sikuongeza.

Wiki mbili baadaye akapata nafasi mbili za mipango ya wanafunzi kufanya kazi ng'ambo. Moja hotelini, miezi sita. Nyingine kupakia matunda, mwaka mzima. Alikuwa kwa mitihani, akaniachia karatasi. "Dada, wewe ndio mkali wa hesabu. Ile utasema, hiyo nitasaini."

Nilipiga hesabu pale pale juu ya meza ya kukatia. Matunda yalilipa zaidi kwa saa, lakini kodi, chakula na nauli vilikatwa humo humo. Hoteli ililipa kidogo, ila ukurasa wa pili ulisema chakula na malazi ni bure, na chuo kingekubali miezi hiyo kama mazoezi ya kazini, yale ambayo bila hayo humalizi kozi. Hoteli ilishinda mbali sana.

Nikampa jibu la ukurasa wa kwanza.

"Hoteli ni hasara. Matunda ni karibu mara mbili."

"Na hii karatasi ingine?"

"Ni masharti tu."

Akanikumbatia, akasaini. Sitajitetea. Nilitaka asimame saa kumi kwa siku ajue miguu ya fundi inavyouma.

Sasa amemaliza miezi kumi. Vidole vimepasuka kwa baridi ya stoo. Wale wenzake watatu wanavaa joho mwezi ujao, na mmoja ameniletea gauni nilibane kiuno. Jumapili mdogo wangu alinipigia simu ya video, akawageuzia wenzake wa kazi kamera. "Huyu ndiye dada yangu. Ndiye alinisomesha." Nikajifanya netiweki imepotea.

Jana akatuma ujumbe. Bosi wa matunda anataka kumwongeza mwaka, na ile hoteli imefungua nafasi tena. Anatakiwa kujibu Ijumaa. "Dada, nipigie hesabu tena. Karatasi ni zile zile."

Hoteli nitamwambia, hilo halina mjadala. Lakini ataniuliza mbona mwaka jana ilikuwa hasara. Nikisema sikuuona ukurasa wa pili, ataniamini, na nitabaki dada. Nikisema ukweli, sijui kama atarudi kibandani kwangu, hata kwa kushonewa.

Nyinyi mliosomeshwa na dada zenu, mngetaka kuambiwa lipi? Nijibuni. Leo ni Jumatano.