Nishani ya Mbelgiji

Sasa nacheka, lakini siku ile ardhi ya Mishomoroni ingepasuka ningejitumbukiza mwenyewe bila kusukumwa.

Mimi ni fundi wa magurudumu ya malori pale Miritini, na nilikuwa naenda huko Mishomoroni kwa kina Mghoi, mchumba wangu, kuposa. Babu yake ndiye mwenye neno la mwisho nyumba ile, naye alishasema haozi mjukuu kwa mtu asiyejua alikotoka. Sasa mimi ukiniuliza ukoo naishia kwa babu (na hata huyo namjua jina moja tu). Ningeweza kumuuliza baba mdogo Kioko, aliyekuwa anisindikize, lakini baba mdogo ni mtu wa maneno matatu kwa siku, basi nikashika njia ya mkato: kwa muuza vitu vikuukuu pale Likoni niliona nishani ya shaba, ina mwanamke mwenye mabawa na utepe wa rangi za upinde wa mvua. Nikainunua, nikaisugua kwa ndimu na majivu, nikaibana kifuani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Na hiyo ni nini?"

"Ya baba yake babu. Alipigana ile vita ya kwanza ya dunia."

Mzee akaingia chumbani, akarudi na kikopo cha majani ya chai, na ndani ya kikopo, haki ya Mungu, mna nishani yenye utepe ule ule. Ya baba yake! Nyumba nzima ikafurahi, nikaongezwa mahamri, kichwa kikavimba. Ningenyamaza hapo leo nisingekuwa na la kusimulia.

Mzee akaziweka pamoja mezani. "Ya baba ina jina lake ukingoni, hili hapa. Lenu liko wapi?"

"Limefutika, babu, kwa kuvaliwa sana."

Akampa nishani yangu shangazi yake Mghoi, aliyefanya kazi mapokezi ya hoteli miaka mingi na anajua Kifaransa. Shangazi akavaa miwani. "Huku ni Kifaransa. Huku ni lugha nyingine, sijui ya wapi."

"Lugha mbili? Basi ni ya Wabelgiji," akasema mzee. "Kila taifa lilitoa yake, utepe ndio mmoja. Babu yenu alifikaje kwa Wabelgiji?"

Na mimi, badala ya kuomba maji ya kunywa, nikasema aliazimwa kwa uhodari wake, na kwamba katika jeshi lile zima mtu wa Kenya alikuwa yeye peke yake.

Mzee akaweka kikombe chini taratibu. "Wanangu, tumempata."

Kumbe marehemu baba yake aliibiwa blanketi kule Tabora, siku za mvua, na mwizi alikuwa askari wa Wabelgiji aliyezungumza kama mtu wa huku kwetu. Kikohozi cha baridi ile hakikumwacha mpaka kaburini, na aliwausia wasamehe yote ila blanketi. "Mjukuu wangu haendi kwa ukoo huo," mzee akasema, na wala hakupandisha sauti.

Mghoi akaanza kulia. Nikaungama yote, Likoni, ndimu, majivu, kila kitu.

"Mwizi tungemtoza blanketi," akasema mzee. "Mwongo tumtoze nini?"

Ndipo baba mdogo Kioko akafungua kinywa. "Babu yangu alikwenda vita hivyo. Alikuwa mchukuzi. Alibeba unga wa askari kichwani mpaka huko Tabora, akarudi na shingo isiyogeuka. Hakupewa hata uzi wa utepe." Akanitazama. "Ungeniuliza."

Mzee akaiokota nishani ya baba yake, akaisogeza mpaka mbele ya baba mdogo. "Unga huo," akasema, "baba yangu aliula." Halafu akaagiza chai nyingine, na mazungumzo ya posa yakaendelea.

Mghoi nilimwoa. Blanketi nilitoa mawili, moja la wizi usiotokea na moja la uongo uliotokea, na mpaka leo shemeji zangu wananiita Mbelgiji. Nimeapa kwamba sendi ugenini tena na kitu kifuani zaidi ya vifungo vya shati. Lakini kinachoniuma si jina hilo. Kinachoniuma ni kwamba miaka yote nilikula meza moja na mtu anayeijua ile shingo, nisimuulize, nikaenda kununua babu Likoni.