Blanketi Lenye Mfuko

Wiki iliyopita mjukuu wangu alikuja kunitembelea hapa Nyabiyonza akitokea Nkwenda, na kabla hata ya chai akaanza kutoa matandiko yangu nje yapigwe jua. Mara akaniita kutoka uani.

"Bibi, hili blanketi lina mfuko. Mtu anayelala anataka mfuko wa nini?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Na wewe kaa hapa mkekani, nikueleze kama nilivyomweleza yeye.

Nilikuwa binti wa darasa la tano. Nyumba yetu ilizungukwa na migomba, jua lilifika uani limechelewa. Asubuhi zilikuwa za ukungu na baridi ya kung'ata masikio, na moshi wa jikoni ulikaa juu ya migomba kama usiotaka kwenda. Uani kulikuwa na kahawa iliyoanikwa, nasi watoto tulikuwa na kazi ya kuigeuza na kufukuza kuku. Ndani, sakafu ilitandikwa nyasi, na harufu yake zikiwa mbichi naikumbuka hata leo.

Mwaka ule Bwana alikuwa amemwita babu. Baada ya matanga nguo zake waligawiwa ndugu, na zile zilizochakaa, ambazo hakuna wa kuzivaa, bibi alizifunga kwenye shuka akaziweka chini ya kitanda. Siku moja akazitoa, akaniita kwa jina ambalo bibi zetu hutaniana nalo na wajukuu wa kike.

"Mke mwenzangu, mume wetu katuachia matambara. Njoo tuyaunge, tutajifunika."

Ndivyo nilivyoanza kujifunza kushona viraka. Shida ni kwamba mikono yangu ilikuwa na kazi nyingine tayari. Kila Jumamosi mke wa mwinjilisti alitufundisha wasichana kufuma, na kila mmoja wetu alikuwa ameahidi mbele ya usharika kuleta sweta la mtoto kwenye sikukuu ya mavuno. Sindano zetu zilikuwa spoku za baiskeli, tumezisugua ncha kwenye jiwe. Mama alinikumbusha kwamba ahadi niliyoitoa kanisani nimeitoa kwa Mungu. Bibi naye macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Hakunificha.

"Nataka kuliona hili blanketi likiisha," alisema. "Sijui nimebakiwa na kuona kwa muda gani."

Basi nikagawa kazi kwa namna niliyoivumbua mwenyewe. Sweta lilitembea nami. Nilifuma nikienda kisimani, nikafuma nikichunga mbuzi, kwa sababu vidole vikishazoea vitanzi havihitaji macho. Viraka vilikaa nyumbani, pale mlangoni penye mwanga, bibi upande mmoja nami upande mwingine. Alinifundisha kukata kitambaa kwa kufuata uzi wake, kupanga vipande kwenye nyasi kwanza mpaka vikubaliane, na kushona mishono midogo. Nikiharakisha, alipitisha kidole, akanirudishia kipande.

"Hapa mbuzi anapita na mtoto wake," alisema. Nami nikafumua.

Kisha ikaja siku ambayo sindano ilimchoma bibi mara mbili kwenye kidole kilekile, damu ikaingia kwenye kipande cheupe cha kanzu. Akaitazama damu kwa karibu sana, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Akachomeka sindano kwenye kitambaa, akaweka mikono mapajani.

"Mimi kushona nimemaliza," alisema.

Sikuwa nimewahi kuona mikono ile imekaa bure. Blanketi lilikuwa limebakiza upande mzima, sweta limebakiza mkono mmoja, na mavuno yalikuwa yanakaribia. Niliomba, kwa maneno ya kitoto, na sidhani kama niliomba kwa akili. Lakini asubuhi, nikiwa nafuma njiani bila kutazama, nilisimama katikati ya njia. Nikageuka na ndoo yangu tupu.

Nilimwekea bibi spoku mikononi.

"Leo nifundishwe na mke mwenzangu?"

"Vidole vyako vinaona, bibi."

Nilishika vidole vyake, tukaingiza uzi, tukavuta kitanzi, tukakidondosha. Tulikosea, tukacheka, tukaanza upya. Kabla ndizi hazijaiva jikoni alikuwa anakwenda peke yake, uso ameuinua kuelekea mlangoni, anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini. Tangu siku ile tulibadilishana: mimi nikachukua viraka, yeye akachukua mkono wa sweta. Kila mara aliuliza, "Umetosha?" Nami, kichwa kimezama kwenye viraka, nilijibu, "Ongeza kidogo, bibi."

Aliongeza. Siku ya mavuno sweta lilifika kanisani mkono mmoja ukiupita mwenzake kwa upana wa kiganja.

Unajua mnada wetu baada ya ibada. Mikungu ya ndizi, jogoo, debe la maharage, na mtu akinunua kitu hukirudisha kinadiwe tena, ili sadaka iongezeke na watu wacheke. Mzee wa kanisa aliinua sweta langu juu, akaushika ule mkono.

"Ndugu zangu, tunatafuta mtoto aliyekulia upande mmoja."

Watu walivunjika mbavu. Wenzangu walinigonga viwiko. Sweta likanunuliwa, likarudishwa, likanunuliwa, likarudishwa, nikadhani halitapata mwenyewe kamwe. Ndipo bibi akasimama, ameshikilia bega langu.

"Huo mrefu ni wangu," alisema. "Nimejifunza uzeeni. Mwalimu wangu ni huyu."

Mama mmoja wa wafugaji wa kule mbugani, mtoto yuko mgongoni, akataja bei yake.

"Nami sirudishi," alisema. "Mkono mrefu nitaukunja. Akikua nitaukunjua."

"Na huu mfupi?" mzee wa kanisa akauliza.

"Huo atauvumilia."

Nilirudi nyumbani nikitembea kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Blanketi lilichukua siku nyingine kadhaa. Nilipofika kwenye suruali ya kaki ya babu, mama alinishauri nifumue mfuko ili kiraka kilale vizuri. Sikuufumua. Ndani ya mfuko ule babu aliweka kahawa ya kutafuna, na kila nilipomsalimia shikamoo, aliitikia marahaba akanitolea punje. Niliushona ulivyo, mdomo wazi.

Nilipomaliza, bibi alikuwa haoni tena ila mwanga wa mlango. Nililala juu ya blanketi nikalia, kwa kuwa nilikuwa nimechelewa. Aliniondoa taratibu, akalivuta mapajani, akaanza kupapasa.

"Hii kanzu yake ya Pasaka. Hili koti. Hapa ni kola ya shati la kijani, alilochania shambani." Vidole vilikwenda mstari kwa mstari, havikosei, wala havikukuta mahali pa mbuzi kupita. Vikafika kwenye kaki, vikasimama. Mkono ukaingia mfukoni mpaka kwenye kifundo, ukakuta punje nilizoweka.

"Nimeliona," alisema.

Sasa mke wa mwinjilisti amelala, bibi amelala, na sakafu ya nyasi imekuwa saruji. Masweta tunanunua ya mtumba Omurushaka, mikono yote sawa. Macho yangu nayo yameanza ukungu, nami namshukuru Mungu, maana najua cha kufanya na vidole.

Mjukuu wangu aliingiza mkono mfukoni. "Bibi, humu hamna kitu."

Nikamtuma kabatini, alete kikopo cha kahawa na zile spoku zangu mbili.