Hati Yangu Katika Kitabu cha Mtambo

"Mtambo ulikuwa mzima. Imeandikwa hapa. Mume wako alilala."

Mzungu aliyekuwa mkubwa wa uwanja wa ndege alinigeuzia kitabu nisome. Nilikuwa nimesimama mlangoni, chakula cha mume wangu mkononi, mwanangu mgongoni. Nikasoma: mtambo mzima, asubuhi na mchana. Wino wa buluu, herufi zimelala upande mmoja kama masista walivyonifundisha. Hati ilikuwa yangu.

Nikalibwaga bakuli mezani kwake, mchuzi ukaruka. "Muongo wewe!" Mume wangu akanivuta kanga. "Mama watoto, twende. Jumamosi nafukuzwa, basi. Usiniongezee na jela."

Asubuhi hiyo aliyosingiziwa kulala ilikuwa ya mvua. Rada hatukuwa nayo miaka ile. Kilichokuwapo ni mtambo wa redio uliosikia sauti ya rubani na kuonyesha anatokea upande gani, na kazi ya mume wangu ilikuwa kuusoma. Ukazima, kama kawaida yake. Ndege ikazunguka ndani ya mawingu juu ya mabati ya mtaa wetu wa Kipawa, chini kiasi kwamba tulitoka mbio na watoto, wengine bila nguo. Mwisho mawingu yakapasuka, rubani akaona njia, akatua. Hakufa mtu.

Sasa aibu yangu. Kila siku mume wangu aliandika kwa penseli saa mtambo ulipozima na saa ulipoamka. Mkubwa alizipitia karatasi zile kwa penseli nyekundu, akakata kila palipoandikwa "umezima", kisha mume wangu akaniletea nyumbani nizinakili kitabuni, kwa kuwa hati yake mbaya. Nilijua ninachoruka. Niliruka. Siku moja mkubwa alituma salamu kwamba hajaona mwandiko mzuri kama wangu, nami nikavimba kichwa wiki nzima.

Karatasi za penseli nilimpa bibi jirani, muuza vitumbua, awafungie wateja. Nikamwendea mbio.

"Shikamoo, bibi. Zile karatasi zangu zimebaki?"

"Marahaba. Leo huli kitumbua, unakula karatasi?"

"Bibi, mume wangu anafukuzwa."

Akaacha kucheka. Akapekua chini ya sinia, akanipa tatu, zina mafuta, ila penseli nyekundu inaonekana. "Nyingine zimeliwa na mtaa mzima, mwanangu. Ungesema mapema."

Ningesema mapema. Maneno hayo yalinichoma kuliko ya mzungu.

Ijumaa nikapanda basi mpaka mjini, ofisi ya wakubwa wa mkubwa yule. Karani akanusa bahasha. "Mama, malalamiko yako yananukia nazi."

"Gonga muhuri."

Akagonga. Ndani niliandika hivi, kwa hati ileile:

"Bwana, nalalamika kwamba mtambo wa kuongoza ndege huzima mara kwa mara, na msimamizi huamuru jambo hilo lifichwe. Karatasi tatu nimeambatanisha. Mistari myekundu ni yake. Mume wangu hakulala. Aliandika ukweli kila siku. Aliyeuacha nje ya kitabu kwa mkono wake ni mimi, mkewe, nikijua. Linganisheni mwandiko wa kitabu na wa barua hii. Ikiwa ni lazima mtu aadhibiwe kwa kitabu kile, niiteni mimi."