Mama Vizimba na Panya Wanaosahau

Kwa miaka kumi na tisa aliwalisha panya wa maabara, akawabadilishia maranda na kuandika namba zao daftarini. Wenzake walimwita Mama Vizimba, naye aliitika kwa raha. Hofu ilimwingia pale mtafiti mmoja, binti wa umri wa mwanawe, alipoanza kuchunguza protini fulani ya ubongo.

Panya alitiwa kwenye beseni kubwa la maji meupe, atafute kijukwaa kilichofichwa chini. Panya wa kawaida, ikifika siku ya nne, alikiendea moja kwa moja. Aliyezaliwa bila protini ile alizunguka weee, kana kwamba hajawahi kuyaona maji yale.

"Masikini," Mama Vizimba alisema, akimfuta mmoja kwa taulo. "Jana si ulifika?"

"Jana yake imefutika, mama," mtafiti alijibu.

Maneno hayo yalimkata maini. Mama yake mzazi alikufa amemsahau, akimwita shemeji. Na yeye mwenyewe, wiki ile ile, alisimama mlangoni pa stoo, ufunguo mkononi, asijue amefuata nini. Akaanza kujipima kimyakimya, akihesabu kinyumenyume kuanzia mia. Akikwama tu, alianza upya.

Jumatatu moja aliwarudisha panya sita kwenye vizimba visivyo vyao. Alipogundua, ilikuwa adhuhuri. Angeweza kunyamaza. Lakini alikwenda kumwambia mtafiti.

"Nimechanganya vizimba, mwanangu. Naona kichwa changu kinafuata cha mama."

Mtafiti hakugomba. Waliwapanga panya upya kwa alama za masikioni, na vipimo vya asubuhi vikatupwa. Kisha akasema, "Hawa tumewaondolea protini kwa makusudi, kabla hawajazaliwa. Wewe hujaondolewa kitu. Twende ukapimwe."

Hospitalini daktari alimwuliza tarehe, akamchoresha saa, akamtoa damu.

"Una upungufu wa damu, na hulali vya kutosha," alisema. "Ugonjwa wa mama yako sijauona. Urudi baada ya miezi sita."

"Kwa hiyo sina?"

"Leo sijauona."

Neno hilo "leo" alikwenda nalo nyumbani. Vidonge vya kuongeza damu anavimeza, kazini anasoma kila namba kwa sauti, mara mbili. Binti yake wa kwanza, tangu aelezwe, humpigia simu kila jioni. Ikiita, Mama Vizimba hatazami kioo cha simu, akisubiri jina la mwanawe limjie lenyewe. Likishakuja, ndipo hupokea.